Skonzi ya Mama Isiyo na Chumvi

Mama yangu alikuwa akioka skonzi na biskuti nyumbani kwetu Tororo. Abiria wa treni na vibarua wa kiwanda cha saruji walizinunua zingali moto. Mimi nilikuwa nimeolewa Busia. Asubuhi moja baba alinifuata na lori lake, akaniambia miguu ya mama imevimba, viatu haviingii tena.

Daktari wa serikali, Mhindi mmoja mpole, alisema figo zimechoka. Akamkataza chumvi na magadi, akampunguzia nyama, maziwa na mayai. Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: na skonzi? Daktari akafikiri. Akasema unga wa ngano hauna neno, ila zile anazouza zina chumvi. Akitaka, ajiokee zake, tena ndogo.

Nikabaki kumuuguza. Uvimbe ukapungua, halafu ukarudi, nami sikuelewa, maana chakula chake nilikipika kwa mkono wangu. Siku moja nikamkuta mbele ya tanuri akitafuna skonzi ya wateja. Hakuificha.

"Nimewaonjea watu miaka yote hii," akasema. "Nitawauziaje kitu nisichokijua ladha yake?"

Nilidhani ni uroho wa mgonjwa, kumbe ni kazi yake. Nikamwambia basi mimi nitaonja za wateja, na yeye tutamwokea zake. Akakubali shingo upande.

Jaribio la kwanza lilituvunja moyo. Unga usio na chumvi uliumuka upesi, ukapita kiasi, ukanywea tanurini. Mama akamega kipande, akasukuma sahani. Kesho yake akakanda mwenyewe, akatia iliki na maganda ya ndimu yaliyokunwa, akaketi akiuchungulia unga, akauingiza tanurini kabla haujafura sana. Biskuti aliziacha kabisa kwa sababu ya magadi yanayoziumua, na nadhani hizo alizililia kuliko nyama.

Skonzi ikatoka ndogo, ya kahawia. Akala taratibu.

"Si yenyewe," akasema. "Lakini ni skonzi."

Za wateja nilizionja yeye akinikazia macho usoni. Nikisema nzuri, haridhiki. Anataka kujua chumvi imetangulia au sukari, na ulimini kumebaki nini. Mwanzoni nilibahatisha, naye alijua. Baadaye nikaanza kuonja kweli.

Daktari hakuwa ameahidi kupona, na mama hakupona. Aliishi miaka kadhaa, akazikwa Waingereza wangalipo. Mwishoni hakuweza kukanda. Nilimletea bakuli kitandani, akabonyeza unga kwa kidole, akasema acha, au ongeza maji. Wiki ile ya mwisho hakutaka chakula kingine. Baba alimmegea skonzi, akaichovya katika chai ya rangi, naye akala nusu, akamrudishia baba nusu iliyobaki.