Mianzi Iliyosogezwa

Mume wangu alikwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge miezi minne baada ya kunioa, akaniacha kijijini Kyimo na migomba yake na baba yake. Mama mkwe alikwisha kufariki. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mke wa mtoto hatakiwi kumtazama baba mkwe wala kusema naye. Nikisikia kikohozi chake nilikimbilia nyuma ya migomba na kujifunika kanga usoni. Chakula chake nilikiweka mlangoni, nikaondoka. Upweke wa namna ile ni mbaya kuliko wa kukaa peke yako, maana mwenzako unamsikia akila.

Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa, na bwana shamba alikuja kutugawia mbolea ya chumvichumvi. Alituambia tuikoroge kwenye maji, tuijaze katika mianzi iliyotobolewa chini, idondoke polepole kiangazi chote. Umbali wa kuiweka hakuutaja, au mimi nilikuwa namwaza mume wangu. Kila mwanzi niliuchomeka ukigusa shina, na mbolea nikazidisha, nikidhani mgomba ni kama mtoto, ukila sana utanenepa.

Kila asubuhi nilikuta mianzi imesogezwa hatua nzima kutoka shinani. Nikajua ni jirani mwenye kijicho. Nikairudisha, nikaifunga kwa kamba, nikatukana kwa sauti ili anisikie.

Majani yakaungua kingoni, kisha migomba saba ikanyauka. Ndipo jioni moja nikamsikia baba mkwe akisema na ng'ombe wake, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto: "Wewe ng'ombe, dawa ile inakula mizizi. Iwekwe mbali fijo, mbali sana, na maji yawe mengi."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kumbe ndiye niliyekuwa nikimtukana.

Lakini dada za baba mkwe walikwisha kusikia habari. Walikuja watatu, wakakaa uani, wakaniambia nifunge mizigo nirudi kwetu. Mke anayeua migomba ya ukoo hafai kumngojea mume. Kamba zangu zilikuwa bado zimefungwa pale, kila mtu anaziona.

Sauti ya baba mkwe ikatoka nyuma ya zizi. "Mwacheni. Mbolea niliweka mimi. Yeye alinikataza."

Naye alikuwa mzee wa kanisa, tena ni juzi tu alikuwa amesimama mbele ya watu kukemea uongo! Dada zake wakatazamana. Walijua kabisa kwamba mimi na yeye hatuwezi kukatazana jambo lolote. Hata hivyo wakachukua vikapu vyao, wakaenda zao.

Nilitaka kumshukuru, nikasikia tu miguu yake ikishuka kuelekea malishoni. Nikabaki nafungua kamba huku nalia. Niliishi naye miaka kumi na moja zaidi, hadi tukamzika, na sura yake siijui.