Glovu za Mwewe Zipo, Mpira Haupo

Nilihamishwa kutoka Lusail kwa sababu ya mdomo wangu. Sijutii, na wakinirudisha pale leo nitasema vilevile.

Duka letu la Lusail, mji mpya wa wenye nazo kando ya Doha, lilikuwa kubwa kiasi kwamba mtu anaingia kutafuta maziwa anatoka na zulia. Mimi nilipangiwa kitengo cha michezo na uwindaji, maana kwa kampuni hivyo viwili ni kitu kimoja. Upande wa kulia nilikuwa na mipira, raketi na baiskeli za watoto. Upande wa kushoto vilipangwa vitu vya kwendea jangwani msimu wa baridi: mahema, taa za kichwani, darubini, nyavu za kuficha gari, na rafu nzima ya vifaa vya mwewe wa kuwindia. Kulikuwa na glovu za ngozi nene za kumbebea, vigingi vya kumtulizia, na vikofia vya kumziba macho asihangaike. Mimi ni mtu wa Tanga. Kwetu mwewe tunamjua kwa wizi wa vifaranga, na akitokea tunamtupia mawe. Kumkuta Doha anashonewa kofia ya ngozi yenye nakshi kulinichekesha wiki nzima.

Rafu ile haikuuza. Wenye mwewe wana mafundi wao sokoni wanaojuana nao tangu enzi za baba zao, hawaji kununua glovu jirani na sabuni ya kufulia. Kazi yangu ikawa kufuta vumbi. Asubuhi moja, kwenye kikao cha kabla ya kufungua duka, nikauliza kwa nini tusiiondoe tukaweka viatu vya mpira, ambavyo viliulizwa kila siku. Mkuu wa kitengo akaniambia kwa upole kwamba rafu ile haikuwekwa iuze. Iliwekwa ili mteja wa Lusail akipita aone duka linamheshimu. Nikauliza tena: kumbe kuna wateja wa kuheshimiwa na wateja wa kuuziwa tu? Wenzangu wakainama kutazama viatu vyao. Haukupita muda nikaambiwa tawi la Sanaiya lina upungufu wa wafanyakazi.

Sanaiya ndilo jina tunaloliitia Eneo la Viwanda. Ni gereji, karakana na kambi za wafanyakazi, chumba kimoja vitanda vya ghorofa, na mabasi yanayowachukua watu alfajiri kwenda kwenye ujenzi. Wanaume tupu. Sisi wanawake tulioajiriwa pale dukani tulikuwa wa kuhesabika, tukiletwa na basi la kampuni na kurudishwa nalo. Nikawekwa dawati la huduma kwa wateja, karibu na mlango. Juu ya kichwa changu palining'inia bango kubwa lenye lugha kadhaa, Kiswahili hakimo, likisema: Usipokiona unachotaka, tuulize.

Siku ya kwanza nilizunguka kutafuta kitengo cha michezo. Hakikuwepo. Kulikuwa na mchele wa magunia, mafuta, blanketi, simu, na masanduku ya safari yaliyopangwa mpaka yanagusa dari. Masanduku ya kila rangi. Sijapata kuona masanduku mengi namna ile, hata uwanja wa ndege.

Mlinzi wetu wa mlangoni alikuwa Mkenya kutoka Kakamega, mrefu, mpole, na golikipa. Kila Ijumaa jioni alikuwa anadaka nyuma ya duka, kwenye kiwanja cha mchanga kilichobanwa kati ya gereji ya malori na ukuta wa kambi. Walicheza Wakenya, Waganda, Watanzania, Waghana, Wanepali, yeyote mwenye miguu. Mpira wao mmoja waliuchangia na kuufuata mbali kwa basi. Jumamosi moja alinijia dawatini ameushika mkononi umesinyaa kama embe lililooza. Ulikuwa umetua kwenye kipande cha bati.

"Siz, ball yetu imekufa," akasema. "Hii duka si inauzanga ball?"

"Hatuuzi, kaka."

Akageuka akayatazama yale masanduku. "Manze, hii duka iko na kila kitu ya kurudi nyumbani. Kitu ya kukaa hapa, zii."

Nikamfuata meneja ofisini. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyechoka. Akanieleza namna mambo yanavyoamuliwa, na nakumbuka alivyokuwa akichora kwa kidole juu ya meza. Makao makuu wana madaraja ya wateja. Kila tawi lina daraja lake, na kila daraja lina bidhaa zake. Sisi tulikuwa daraja la kambi. Daraja la kambi halinunui vifaa vya michezo.

"Umejuaje hawanunui?" nikamuuliza.

"Hatujawahi kuuza hata kimoja."

"Mmewahi kuviweka?"

"Tuviweke vipi, wakati haviuziki?"

Damu ilinichemka. Lusail rafu ilikuwepo haiuzi, ikabaki kwa heshima. Hapa rafu haipo kabisa, halafu inaambiwa haiuzi. Nikamwambia hivyo hivyo. Akaniambia nirudi kwenye kiti changu, na kwamba wenye kelele kampuni huwakatia tiketi ya ndege. Nikarudi. Nilikuwa naogopa, sitajifanya shujaa; nyumbani kuna watu wanakula kwa mshahara wangu. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga. Nikanyanyua macho nikaliona lile bango, nikamwita mlinzi.

"Kaka, umewahi kusoma hiki kilichoandikwa hapa juu?"

Akasoma. Akanitazama. Akaanza kucheka polepole, mabega yakimtikisika.

Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko Sanaiya, na baada ya sala duka hujaa mpaka mlangoni. Ijumaa ile duka lilipofunguliwa akaja Mganda mmoja, kijana nadhifu, akasimama mbele yangu. "Dada, mpira upo?" Nikamjibu kwa adabu zote za kazi: haupo, tutafikisha ombi lako. Akashukuru, akaondoka. Nyuma yake Mghana akauliza hilohilo. Nyuma yake Mnepali. Kisha Wabangladeshi na Wapakistani wakaanza, wao wanataka fimbo za kriketi, sijui nani aliwaambia. Foleni ikatoka nje ya mlango, ikazunguka kwenye maegesho. Hakuna aliyepaza sauti. Kila mtu alikuja, akauliza, akasema asante, akaenda zake. Wengine walikuwa wameoga na kuvaa mashati ya kwendea harusini.

Meneja akashuka mbio. Pale kwetu kundi la wafanyakazi likisimama pamoja, kila mkubwa huwaza mgomo na huwaza polisi.

"Wanafanya nini hawa?" akaninong'oneza.

"Wananunua, bosi."

"Wananunua nini?"

"Kisichokuwepo."

"Ni wewe umewaita?"

Nikamwonyesha bango kwa kidole. "Hilo ndilo limewaita. Mimi nimekaa kwenye kiti changu."

Alilitazama kama ndiyo kwanza anajua lipo. Angeweza kulishusha. Alilisogelea, akashika kamba, kisha akaiacha, akapanda ofisini kupiga simu. Kwa hilo ninamheshimu mpaka leo. Ijumaa tatu zilizofuata foleni ilirudi, kila mara ndefu zaidi.

Makao makuu wakatujibu: mtapata rafu moja ya michezo na uwindaji, kwa majaribio. Ikiuza itabaki. Isipouza, mjadala umefungwa moja kwa moja. Nilimpa mlinzi habari hizo na tukapigana viganja, nusu anivunje mkono.

Maboksi yakaja. Nikayafungua mwenyewe kwa kisu cha karatasi, na mlinzi amesimama pembeni akichungulia. La kwanza lilikuwa na glovu za mwewe. La pili, vikofia vya mwewe. Kisha nyavu za kuficha gari, taa za kichwani, darubini, na vigingi. Nilivitambua vyote. Kuna kikofia kimoja kilikuwa na mkwaruzo niliouweka mimi mwenyewe kwa kufuta vumbi. Walikuwa wametukusanyia kila kilichowashinda Lusail, wakakibandika bei ya kutupa. Mpira hata mmoja haukuwemo.

"Ni makosa?" mlinzi akauliza.

"Si makosa," nikasema. "Wanataka rafu ife, wapate la kusema."

Nililia, na haya sikuona. Niliegemea masanduku ya watu nikalia kwa hasira. Yeye hakunibembeleza. Alichukua glovu moja akaivaa. Zinauzwa moja moja, za mkono wa kushoto tu, ngozi nene mpaka karibu na kiwiko. Akapiga ngumi kwenye kiganja, akakunja vidole, akakunjua.

"Siz," akasema, "hii inadaka."

Rafu ile nikaipanga kama naandaa chumba cha bibi harusi. Mlinzi akanunua glovu, akaenda nayo kiwanjani. Kesho yake wakaja wachomeleaji vyuma kuzitaka, maana cheche haipenyi. Mafundi wa malori wakabeba taa za kichwani ili waone chini ya injini. Nyavu zikachukuliwa na timu, zikafungwa kwenye magoli ambayo hayajawahi kuwa na nyavu. Mwendesha winchi wa ujenzi akachukua darubini aone mizigo ilipo chini. Vikofia sikutarajia vitoke, lakini Mganda yule nadhifu alinunua kimoja cha mwanasesere wa binti yake, akakionyesha kambini, vikaisha. Vigingi vikawa vya kuanikia soksi. Rafu ikabaki tupu, nami nikaifuta vumbi kwa raha zangu.

Ndipo akaja bwana wa makao makuu, yule anayeamua nini kiwekwe wapi. Alichagua Ijumaa makusudi aone umati. Alikuwa na tabasamu na suti nyepesi, akanipa mkono wa pongezi, kisha akaurudisha haraka alipokumbuka hijabu yangu, tukacheka. Akasema wamegundua jambo kubwa: Sanaiya kuna soko la uwindaji. Watatuletea glovu mara mbili ya zile. Na mimi, kwa kuwa nimeonyesha uwezo, nirudi Lusail niwe msimamizi wa kitengo, nyumba nzuri, wenzangu wawili tu chumbani. Meneja nyuma yake akanikonyeza nikubali.

Nilitaka. Nani asiyetaka? Nilikiona kile chumba, nikaliona na dirisha lake.

"Nashukuru," nikasema. "Kabla sijajibu, naomba tutoke nje kidogo."

Nikawatoa kwa mlango wa nyuma. Mechi ilikuwa imechangamka, vumbi limepanda, kambi nzima imekaa ukutani. Yule bwana akasimama na viatu vyake vya kung'aa. Akaona magoli yote mawili yamevaa nyavu za kuficha gari. Akaona golikipa mrefu, mkono wa kulia mtupu, mkono wa kushoto glovu ya mwewe. Akacheka kwa sauti, akatoa simu apige picha. Wachomeleaji wawili waliokuwa ukutani wakamsalimia kwa kumpungia glovu zao.

Kisha kitu kikaviringika mpaka miguuni kwake. Akainama akakiokota. Kilikuwa ni lile ganda la mpira uliopasuka, limeshindiliwa mifuko ya saruji na matambara, limefungwa utepe wa kufungia maboksi, utepe wetu, wenye jina la duka. Kilikuwa kizito. Alikigeuzageuza, kicheko kikamwisha.

"Hawa ndio wawindaji wako," nikamwambia. "Wamekuuliza kitu kimoja, Ijumaa nne mfululizo, kwa adabu, chini ya bango lako. Ukawaletea kofia za ndege. Wakazinunua, rafu isife. Mimi Lusail sirudi mpaka hapa pawe na mpira. Ukinikatia tiketi, nikatie. Masanduku tunayo."

Meneja alifumba macho. Wachezaji walikuwa wanamsubiri yule bwana, akautupa mpira kiwanjani kwa mikono miwili, akapangusa suti, tukarudi dukani. Aliondoka bila kuaga. Chumba cha Lusail akapewa mwingine, nami nilipanda basi la jioni nikijua huenda ni la mwisho.

Tiketi haikuja. Glovu mara mbili zilikuja kama alivyoahidi, na wachomeleaji wakashukuru. Na nyuma ya maboksi ya glovu, asubuhi moja, palikuwa na boksi la mraba, jepesi, ambalo nililinyanyua peke yangu. Sikulifungua mpaka Ijumaa. Mpango wa makao makuu ulisema mipira ikae rafu ya chini, nyuma ya ndoo za kudekia. Mimi nikapanda ngazi nikaipanga juu ya masanduku, pale mlangoni, mtu asiweze kuingia bila kuiona. Meneja akaniona, akaendelea na safari yake.

Baada ya sala foleni ikaja kama kawaida. Mbele alisimama mlinzi, siku hiyo hayuko zamu, amevaa shati la pasi na glovu ameichomeka mfukoni. Mipira ilikuwa juu ya kichwa chake, ameshaiona, kila mtu ameshaiona. Lakini alikuja mpaka dawatini, akasimama chini ya bango, akauliza kwa kile Kiswahili cha kwetu Tanga ambacho alikuwa amekifanyia mazoezi.

"Dada, mpira upo?"

"Upo," nikasema, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mchele.