Nani Alikikalia Kiti cha Abiria

Mtaani walimwita Springi, na jina alilopewa na wazazi wake lilikwisha kusahaulika. Hata mdogo wake, aliyezaliwa akimfuata, alimwita dada tu. Alikuwa fundi wa kushona viti: vya magari, vya sebuleni, vya saluni, mpaka kile cha daktari wa meno ambacho wagonjwa walikikwaruza mikono yote miwili kwa kucha. Kazi alifundishwa na mumewe, na mume alipofariki, wateja walikuja kumpa pole huku wamebeba viti vyao vilivyochanika. Akapokea pole, akapokea na viti.

Kushona alijua, hilo halina ubishi. Lakini sifa aliyoipenda zaidi, na aliyejipa ni yeye mwenyewe, ilikuwa ya kusoma kiti. Alikuwa akikipindua kiti, anapitisha mkono chini ya ngozi, anabonyeza sponji huku kafumba jicho moja, halafu anakueleza habari za aliyekikalia utadhani walilelewa nyumba moja. Dereva wa lori aliambiwa ana nyonga mbovu kabla hajaanza kuchechemea. Mwenye duka aliambiwa karani wake analala kazini, akaenda kumvizia, akamkuta anakoroma. Tangu hapo Springi akavimba kichwa, na tuseme ukweli, nusu ya uvimbe huo aliustahili.

Mume wa mdogo wake alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, na watu wakamwita Stoo. Alikuwa amestaafu zamani, lakini fungu la funguo kiunoni hakulivua. Zilikuwa funguo za milango ambayo kiwanda kilishabadilisha makufuli yake yote, ila mwenyewe alisema bila zile anajihisi yu uchi. Nywele hakuwa nazo, alikuwa na kipara, na kipara hicho alikitunza kuliko wengine wanavyotunza nywele. Kila asubuhi alikipaka mafuta na kukisugua mpaka taa ya dari ikaonekana ndani yake.

Huyu bwana alikuwa na gari. Usifikiri gari la kwenda nalo sokoni. Lilikuwa gari la michezo la zamani, la watu wawili, jekundu lililofifia likawa rangi ya tofali, na limelala chini kiasi kwamba kulipanda ni kama kujiteremsha ndani ya karai. Alilinunua ujanani kwa bosi aliyekuwa akihama. Mkewe alilipanda siku za uchumba, gauni likachanika mlangoni mbele za watu, na tangu siku hiyo yeye na gari hawakusemezana. Sasa lilikuwa haliwaki. Lilikaa chini ya turubai katika banda la nyuma ya nyumba, banda lenye mlango wake unaotokea uchochoroni, na mke hakukanyaga humo kwa kuogopa panya.

Basi siku moja Stoo akaonekana anasukuma mkokoteni mtaa mzima, juu yake viti viwili vya lile gari, mpaka karakana ya Springi. Waliokuwepo wakacheka mpaka wakashikana mabega. Springi naye hakumwachia.

"Shemeji, gari haliwaki, wewe unalishonea viti. Utalisukuma umekaa?"

"Injini itasubiri, shemeji," alisema Stoo bila kucheka. "Injini haina mgongo."

Mtu mwingine angejiuliza maneno hayo yana maana gani. Springi hakujiuliza, kwa sababu yeye husoma viti, na wenye viti huwaacha waseme wapendavyo.

Kesho yake mdogo wake alikuja kumtembelea, akamkuta ameviegemeza viti vyote viwili ukutani na kijisu cha kufumulia kipo mkononi. Wakasalimiana, wakaulizana habari za watoto na za magoti. Mazoea ni kitu kibaya: mikono ya Springi ikaanza kubonyeza yenyewe, na mdomo ukaifuata mikono.

"Hiki cha dereva hakina neno," alisema. "Kimelika pembeni tu, kwa kuingia na kutoka, na hapa nyongani pamekwaruzika kidogo. Lakini hiki cha abiria, mdogo wangu, hiki kimekaliwa. Kakikalia mtu mzito, tena hana haraka. Kichwani anapaka mafuta, ona ngozi ya juu inavyong'aa. Na anaegemea kwa dereva. Kaegemea hasa."

Maneno yalikuwa yamekwisha kutoka ndipo akamtazama aliyekuwa akimwambia. Mdogo wake alikuwa mwembamba kama uzi wa nailoni, kichwani kitambaa, na gari lile hakulipanda tangu gauni lichanike.

"Mtu gani huyo, dada?"

Hapo fundi mwingine angesingizia panya. Springi hakuwa na desturi ya kurudisha neno lake. Akasema yeye anasoma kiti, majina hayamhusu.

Mdogo wake akarudi nyumbani na kumuuliza mumewe nani alikuwa akikaa naye kwenye lile gari. Kama Stoo angekasirika, au angecheka, au angeapa, mambo yangeishia sebuleni. Stoo alikohoa. Akakohoa tena, akaomba maji ya kunywa, akayanywa yote polepole. Jua halijazama, mke yuko mlangoni kwa dada yake na begi, na katika begi kuna pasi, sufuria ndogo na picha ya harusi aliyoikunja upande wa bwana harusi.

Akakichukua kitanda cha Springi, Springi akahamia kwenye kochi la mteja. Kilio cha mdogo wake kilikuwa cha zamu: asubuhi analia, mchana anapanga kwa sauti atakavyogawana vyombo. Akapeleka habari kwa kaka yao mkubwa, na kaka mkubwa, ambaye hakumpenda Stoo tangu siku ya posa, akaitisha kikao cha ukoo Jumapili. Alisema kitakuwa kikao cha kumaliza, si cha kusuluhisha. Hotuba alikuwa nayo tayari, na wanaomjua walisema aliitunza tangu harusini.

Springi alimhurumia mdogo wake kwa moyo wote. Ila moyo una vyumba, na katika chumba kimoja cha nyuma alikuwa anajisikia vizuri. Wanawake walipita karakana kumuuliza kama ni kweli alimwona yule hawara ndani ya sponji. "Sikumwona," aliwajibu. "Nilimbonyeza." Wakaondoka wanatikisa vichwa kwa heshima.

Ijumaa akashika kazi yenyewe. Alifumua ngozi za viti vyote viwili mshono kwa mshono, kwa sababu ngozi kuukuu ndiyo mwongozo: unaitandaza juu ya ngozi mpya, unaizungushia chaki, ndipo unakata. Akatandaza mezani ile ya dereva. Ya abiria akaiweka kando yake, apate kulinganisha vipimo. Akanyoosha mikunjo kwa kiganja. Mkono ukasimama.

Pale penye nyonga, upande wa kulia, ngozi ya dereva ilikuwa na mikwaruzo, mifupi na mirefu, imekusanyika kama alama za kucha za paka. Ngozi ya abiria ilikuwa na mikwaruzo ileile, mahali palepale, ila yenyewe imechimba zaidi. Springi akaipima kwa utepe, ingawa macho yalikwisha kumwambia. Hakuna hawara aliyezaliwa na mwanamke anayetembea na funguo za stoo nzima kiunoni. Kisha akakumbuka kipara na mafuta yake, akatafuta mahali pa kukaa. Karakana ilikuwa imejaa viti, na bado alikaa sakafuni.

Akamwendea shemeji yake kwa njia ya uchochoroni. Akamkuta bandani, ndani ya gari lisilo na viti, amekaa juu ya kopo la rangi lililopinduliwa, gazeti magotini na redio ndogo upande wa dereva. Shati alilovaa lilikuwa jipya.

"Ulikuwa unakaa mwenyewe," Springi alisema.

Stoo hakukohoa safari hii. Akamsogezea kopo lingine. Akaeleza kwamba kila alipoaga anakwenda kwenye kamati ya wastaafu, alitoka mlango wa mbele, akazunguka nyumba, akaingia humu. Kamati ilikwisha kufa siku nyingi. Alikaa kwa abiria kwa sababu usukani ulimbana tumbo, na aliegemea upande ule kwa sababu ndiko iliko redio, ambayo alisikiliza kwa sauti ya chini asisikike.

"Nyumba ile ina viti, shemeji. Umevishona wewe. Nionyeshe kimoja nitakachokaa nisiambiwe ninyanyue miguu watu wafagie."

Springi akamuuliza kwa nini basi hakusema, na ndoa inakwenda kuvunjwa Jumapili. Jibu lilikuwa la aibu. Kinyozi sasa humpa nafasi mbele ya foleni, wakati hana hata unywele wa kunyolewa. Wastaafu wenzake, ambao hawakuwahi kumuuliza lolote, wanamwita kijana. Amwambie nani kwamba hawara ni gazeti? Afadhali kuitwa mhuni kuliko kuitwa mzee anayejificha kwenye gari bovu. Alidhani mkewe angekasirika siku mbili akarudi, na yeye akabaki na heshima yake. Kikao hakukitegemea. Sasa machozi yalikuwa karibu, lakini akamwomba Springi asiseme.

Springi alirudi nyumbani polepole. Mbele yake kulikuwa na njia mbili, na zote zilipita juu ya jina lake. Akinyamaza, atabaki msomaji wa viti asiyekosea, na mdogo wake ataachika kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo. Akisema, inabidi kwanza atamke neno ambalo tangu aanze kazi halijawahi kutoka kinywani mwake. Alimkuta mdogo wake anafunga vikombe kwa magazeti. Neno likamkwama kama pini zile anazozishika kwa meno.

Alianzia mbali. Akasema kiti chenyewe kilisema kweli. Akasema mwanga siku ile haukuwa mzuri. Mdogo wake akaendelea kufunga vikombe. Mwishowe Springi akafumba macho yote mawili. "Nilikosea," alisema. "Hakuna mwanamke. Ni mumeo." Akamweleza yote, funguo, kipara, redio, kamati iliyokufa.

Alitarajia mdogo wake amkumbatie. Mdogo wake aliweka kikombe chini, akaenda jikoni kuondoa maji yaliyokuwa yakimwagikia moto, akarudi.

"Mwanamke ningekwenda kumng'oa nywele," alisema. "Sasa nikapigane na banda? Kumbe alikuwa ananikimbia mimi, dada. Na mimi nilikuwa namwekea chakula, nikiwahurumia wazee wa kamati kwa vikao virefu."

Springi alijua kuleta uongo ukapokewa kama ukweli. Kuleta ukweli ukauma kuliko uongo lilikuwa jambo geni kwake.

Jumamosi mdogo wake alifungua begi, akainyoosha picha, akaenda kwake. Si kwa msamaha, alisema, ila haiwezekani aachike kwa sababu ya gazeti, watu watacheka mpaka kaburini. Kaka mkubwa alipoambiwa kikao hakipo, alinuna, akauliza na ile hotuba ataipeleka wapi. Mtaa nao haukukubali habari mpya. Walisema Springi amemficha hawara ili kumwokoa shemeji yake, wakamsifu kwa moyo wake wa udugu, na wake wawili wakamletea viti vya abiria vya waume zao avibonyeze. Akawaambia yeye anashona tu.

Kabla ya kuondoka, mdogo wake alikuwa ameagiza jambo moja. Kiti cha abiria kishindiliwe sponji ngumu kuliko zote zilizopo, ile ya magodoro ya hospitali, mtu akikaa aone kama amekalia tofali. Springi alitii. Alishindilia mpaka vidole vikamuuma, akavuta ngozi mpya juu yake, akaifunga kwa vipete vya waya, kila mshono umenyooka kama rula. Hajawahi kushona kiti kizuri zaidi wala kibaya zaidi cha kukalia.

Siku ya kukichukua alikuja mdogo wake, si Stoo. Mkokoteni ukangoja nje. Akakizunguka kiti, akakisifia rangi, kisha akakibonyeza kwa kiganja. Hakikubonyea. Akakalia ukingoni, akahama akakaa vizuri, akaegemea upande wa dereva, akatulia hapo kitambo.

"Dada, hiki ni kigumu."

"Si wewe uliyesema kiwe kigumu?"

"Nilisema." Akainuka, akajishika kiuno. "Kilegeze kidogo hapa mgongoni. Mtu mwenyewe ni mzee."

Springi aliitazama ile mishono iliyonyooka. Akasonya kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mkokoteni, akaenda kutafuta kijisu cha kufumulia.