Mama Nukta na Vidonda Visivyokuwapo

Jina alilopewa na wazazi wake limo kwenye karatasi ya mahudhurio, na hakuna anayelitumia. Hospitali nzima inamwita Mama Nukta. Kazi yetu ni kugeuza maneno ya madaktari kuwa namba, kila ugonjwa na herufi yake, tarakimu zake na nukta yake, na akikuta nukta imekaa pasipo pake, chai haimshuki. Chumba chetu cha kumbukumbu kiko chini, baina ya chumba cha kufulia mashuka na stoo ya vitanda vibovu. Ameketi humo miaka kumi na tisa. Ana miwani mbili, moja ya kompyuta na nyingine ya miandiko ya madaktari, ambayo anasema ingefaa iuzwe pamoja na dua.

Nimefanya naye kazi mwaka mmoja, na siku nyingi nimetamani kumfungia nje. Ni mtu wa kukurudishia faili mara nne bila hata kuinua kichwa.

Kwetu faili hushuka kabla mgonjwa hajaondoka, ili karatasi yake ya kutokea iende na namba. Jumanne moja, saa nne asubuhi, lilishuka faili la binti wa miaka kumi na sita, amelazwa mara ya tatu katika miezi minane. Daktari alikuwa ameandika: vidonda vya tumbo, kupungua uzito, aruhusiwe saa nane mchana, aendelee na dawa za vidonda. Kazi ya dakika mbili. Nilikuwa nimeshaandika namba ya vidonda Mama Nukta aliponipokonya faili.

“Umesoma kurasa za wauguzi?”

“Kwani daktari si ameshaandika?”

Alibadilisha miwani, akasoma ukurasa baada ya ukurasa, kisha akafungua kompyuta na kurudi nyuma hadi mara ya kwanza binti alipolazwa. Hapo akasimama.

“Njoo uone kazi yako.”

Siku ile ya kwanza daktari aliandika kwamba vidonda vya tumbo vinashukiwa. Mimi, mgeni kazini na mwenye haraka zangu, niliingiza namba ya vidonda kama jambo lililothibitishwa. Kinachoshukiwa hakipewi namba ya ugonjwa. Unaandika dalili, unasubiri. Wiki mbili baadaye walimpitishia kamera tumboni, hawakuona kidonda hata kimoja, lakini kompyuta ilikuwa imeshasema. Kila daktari aliyefungua taarifa zake alikuta vidonda vinamngoja, akatibu vidonda. Uso ulinishuka.

Kurasa za wauguzi zilisema mambo mengine kabisa. Hata mimi niliona ugonjwa wenyewe ni upi, na ninajua namba yake: F50.0.

“Basi mwandikie daktari jina la ugonjwa, yaishe,” nilisema.

“Mimi si daktari. Leo nikimtia maneno mdomoni huyu, kesho nitamtia nani?”

Sheria yetu ndiyo hiyo. Unaruhusiwa kumuuliza daktari, huruhusiwi kumwonyesha jibu. Akachukua fomu ya maulizo, akaandika kwa herufi kubwa: *Uzito kilo thelathini na tatu. Mapigo ya moyo arobaini na mawili kwa dakika. Kamera haikuona kidonda. Wauguzi: anaficha chakula ndani ya foronya, anakunywa maji mengi kabla ya kupimwa uzito, analia akiambiwa ameongezeka. Tafadhali eleza sababu ya kupungua uzito.* Hakuongeza neno. Kawaida fomu hupelekwa na tarishi, na hujibiwa daktari akijisikia. Safari hii aliibeba mwenyewe, ghorofa tatu kwa ngazi, na magoti yake mabovu, mimi nyuma yake nimenywea. Kusoma kulikuwa kumekula asubuhi yote, na sasa ilikuwa saa saba na robo. Binti akitoka na moyo unaopiga hivyo, huenda asirudi mara ya nne.

Tulimkuta daktari kwenye korido ya wodi, mkate mkononi.

“Dokta, faili lako halifungiki.”

“Mama, lifunge tu, nina watu wanasubiri kitanda.”

“Nilifunge kwa ugonjwa upi?”

Aliisoma fomu huku anatafuna, kisha akaacha kutafuna. “Hivi vidonda vya kwenye kompyuta ameviandika nani?”

“Ameviandika huyu,” Mama Nukta alisema, akaninyooshea kidole. Hakunificha hata kidogo, na siku hiyo nilimchukia.

“Ni mimi, dokta.”

Hakunigombeza. Aliusoma tena mstari wa foronya. “Mimi mwenyewe sikuzifungua kurasa hizi,” alisema. “Huyu mtoto anajinyima chakula. Anaogopa kunenepa mpaka anakufa.”

“Mimi sijasikia kitu,” Mama Nukta alisema. “La mdomo halipewi namba. Andika.”

Akaandika pale pale, karatasi ameiegemeza ukutani, akaweka sahihi na saa. Kisha akaingia wodini, nasi tukabaki mlangoni. Mama wa binti alikuwa ameshafunga begi. Binti mwenyewe ameelekea ukutani, sweta mbili mwilini mchana wa jua.

“Mama, leo hatoki,” daktari alisema. “Hana vidonda vya tumbo. Hajawahi kuwa navyo. Ana ugonjwa wa kujinyima chakula, na unatibika, lakini lazima akae.”

Mama aliketi kitandani taratibu, akaushika mguu wa mwanawe juu ya shuka.

“Hajawahi?”

“Hajawahi.”

“Mbona mliniambia nisimpikie kitu kikali? Miezi minane nachemsha, sitii kitunguu, sitii ndimu, sitii chochote. Kila akisukuma sahani najua ni mimi. Nasema moyoni, kwa chakula hiki hata mimi nisingekula.”

Mama Nukta aliufikia mkono wangu, akaushika. Mama yule alikuwa bado anamtazama daktari, anangoja aambiwe kwamba si yeye.