Kupima Mwanga wa Gama Katika Chumba cha Giza

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya fizikia, mwaka 2015, Daktari, mama wa Kikenya aliyetuongoza, alinifungulia chumba kilichopakwa rangi nyeusi hadi darini. Nilikuwa mlinzi wa geti pale; kabla ya hapo nilibeba mawe migodini kwetu Kolwezi, nikaosha malori Ndola. Shule niliiacha mapema, lakini maswali hayakuniacha.

"Mzee Ilunga, umenisumbua vya kutosha pale getini. Sasa njoo ufanye kazi," alisema. "Sheria ni moja. Umeme ukiwashwa, mlango haufunguliwi. Na simu inabaki nje."

Angani kuna chembe ziendazo kasi ajabu, ziitwazo miale ya kosmiki. Kwa kuwa zina chaji ya umeme, sumaku ya galaksi huzipinda njiani, na zikitufikia hatujui zimetoka wapi. Lakini zikigonga gesi iliyo kati ya nyota huzaa miale ya gama, nayo, kwa kuwa ni mwanga usio na chaji, haipindwi. Ukiifuata nyuma, unapajua ilipozaliwa. Gama ikiingia hewani kwetu huacha mmweko wa buluu, hafifu mno. Mimi nilipima mirija ya kunasa mmweko huo kabla haijapelekwa kwenye darubini, jangwani Namibia. Mrija wenye umeme ukipigwa na mwanga wa mchana, umeharibika.

Mkuu wa Karakana, Mzulu mwenye maneno, alinitania, akiniita mzee kwa lugha ya mjini kwao: "Eish, Madala, wewe unalipwa kukaa gizani!"

Mwaka 2019 wageni tuliotoka nchi nyingine tulianza tena kushambuliwa mjini. Mke wangu, Furaha, alikuwa na saluni ya kusuka nywele mtaani kwetu, Troyeville. Asubuhi moja aliniambia akicheka, kwa Kiswahili cha kwetu, "Bakikuja, nitaita weye, hapana polisi."

Nilipotoka kwenye chumba cha giza mchana huohuo, simu ilionyesha amenipigia tena na tena. Daktari alinikimbiza huko kwa gari lake. Saluni ilikuwa majivu. Majirani Warundi walikuwa wamemficha Furaha kanisani kwao, hai, mkono wa kulia umeungua hadi kiwikoni.

Hakusuka tena. Niliacha kazi mwaka uleule ili nimtunze.

Vijana mnaoniuliza habari za maabara, kazi ile ni njema, sitawadanganya. Siijui nyingine ambayo ingemfikisha mtu kama mimi mbali vile. Furaha aliniuliza habari za kazi hiyo mara moja tu, nikimfunga vifungo vya blauzi.

"Siku ile, mule ndani, mulikuwa munatafuta nini?"

Nikamweleza: mwanga mdogo sana, utokao mbali sana.

Alisikiliza mpaka mwisho. "Na mimi nilikuwa tu hapa," alisema. "Hapa Troyeville."