Anayepika Naye Anakula

Mtahini wangu alikuwa mzee mpole, na wapole ndio wabaya. Angenifokea ningemjibu, maana mdomo ninao. Yeye aliniuliza taratibu kwenye kioo cha kompyuta, nikiwa nimejifungia katika ofisi ya shule ninayofundisha fizikia hapa Ifakara: "Mwalimu, hesabu zako ni safi. Sasa weka karatasi pembeni, uniambie kwa mdomo. Umeanza na nafasi iliyonyooka, umeishia na nafasi iliyopinda. Umefikaje?"

Nikafungua mdomo. Zikatoka hesabu zilezile.

Tasnifu yangu ya shahada ya pili ilihusu mvutano, nguvu hii inayoangusha papai na kuushika mwezi. Wengi huifundisha kwa kuanza na mpindo: kitu kizito hupinda nafasi na muda, vitu vingine vikafuata mpindo huo. Ndiyo nadharia ya uhusianifu. Mimi niliingilia mlango wa uani. Katika nadharia ya kwanta ya nyuga, elimu ya vitu vidogo kuliko atomu, vitu huvutana kwa kurushiana chembe. Basi unachukua nafasi iliyonyooka kabisa, kama turubai lililotandazwa, unaweka juu yake chembe ya mvutano, unakokotoa kwa subira, na mwisho wa safari unakutana uso kwa uso na mpindo uleule. Kukokotoa nilijua. Kusema kwa nini inakuwa hivyo, sikujua.

Wakaninyima shahada. Nikapewa nafasi moja tu zaidi, baada ya mavuno, na nikishindwa hapo basi, mimi na chuo kwaheri. Nilimpigia mama, yuko Namawala, nikalia simuni kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Nikaapa sirudi tena kwenye upuuzi ule. Mama akasikiliza weee, halafu akasema, "Basi njoo tuvune."

Nilikasirika jamani! Mtu amefeli, unamletea habari za mundu. Lakini nilipanda bodaboda nikaenda, maana mama akisema njoo, unakwenda.

Kwetu mpunga huuvuni peke yako. Unaalika watu, wanakuja na miundu yao umande haujakauka, wewe unawalisha na kuwanywesha togwa, na siku yao ikifika nawe unakwenda. Jiko la mwaliko wetu ni la mama mdogo, mwanamke mwenye sauti ya kusikika hadi Lupiro na imani kubwa katika makadirio yake. Kila mwaka husimama mlangoni akawatazama wavunaji walivyojipanga shambani, akakadiria mchele. Kila mwaka chakula hupungua. Kila mwaka yeye hushangaa upya.

Mwaka huo tulipika wali na kambale wa kukausha. Wavunaji hawajarudi, sufuria imeshafika katikati. Wapishi walikuwa wameonja, na kuonja kwa wapishi wetu ni mlo kamili. Waliotuchotea maji walikula. Mama mdogo akaamuru mchele uongezwe, kumbe uliobaki ulikuwa bado mpunga, ikabidi aitwe jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma, aje na wanawe kutusaidia kutwanga. Wakatwanga vizuri, wakakaa, wakala. Sufuria ya pili ikamaliza kuni. Mume wa jirani akaleta kuni kwa mkokoteni wa ng'ombe, naye akawekewa sahani. Aondokeje na njaa kwenye nyumba ya watu? Chakula cha wavunaji kikawa kinalisha wanaokipika, na nyongeza inalisha wanaopika nyongeza.

"Jamani, wanakula akina nani huku?" mama mdogo akapiga kelele, na tonge la wali liko mkononi mwake, linaelekea mdomoni.

Tulicheka mpaka mama akakaa chini. Na mimi nilikuwa nacheka, mwiko mkononi, halafu kicheko kikanikatika. Nikasimama kwenye moshi nimeduwaa.

Chembe ya mvutano hushika chochote chenye nishati. Haibagui jiwe, wala mwanga, wala moto wa jikoni. Lakini kule kuvutana kwenyewe nako kuna nishati. Kwa hiyo mvutano hauna budi kuuvuta hata mvutano. Ukiongeza kwenye hesabu mvuto huo uliousahau, nao una nishati, nao unadai kuhesabiwa, na unaofuata vilevile. Miaka yote nilikuwa naandika nyongeza zile mstari kwa mstari, nikiziona ni kero ya hesabu tu. Kumbe ni wapishi! Katika jiko hili hakuna anayehudumu bila kula.

Na ukishawajumlisha wote, ile nafasi iliyonyooka uliyoanza nayo unaitafuta huioni. Kila fimbo ya kupimia imeguswa, kila saa imeguswa, zote kwa namna ileile, kwa hiyo hakuna chombo kilichobaki cha kukuonyesha unyoofu wa mwanzo. Kinachopimika ni mpindo tu. Nilimweleza mama mdogo palepale, nikirukaruka kwa furaha. Akaniambia, "Geuza wali, unaungua." Uliungua kweli, na ukoko wake watu wakaugombania.

Siku ya kutetea tasnifu mara ya pili mtandao ulikuwa mzuri, jambo ambalo huku kwetu huwezi kumwahidi mtu. Mzee akauliza swali lilelile kwa upole uleule. Nikamwambia kwetu hatuvuni peke yetu. Nikampa habari ya sufuria tangu mwanzo hadi ukoko. Watahini wenzake walicheka. Yeye hakucheka.

"Na walaji wakizidi kuongezeka," akauliza, "utajuaje wamekwisha?"

 Nikamjibu kwamba penye mvutano dhaifu kila nyongeza ni ndogo kuliko iliyoitangulia. Wa mwisho analamba mwiko tu. Lakini karibu na shimo jeusi huwezi tena kuongeza mmoja mmoja, lazima uandike mlinganyo mzima kwa mpigo. Na ukitaka kwenda ndani zaidi, kwenye kwanta yenyewe ya mvutano mkali, hapo sijui, na sijasikia bado anayejua.

"Hapo ndipo nilipotaka ufike," akasema. Wakanitoa mkutanoni, wakanirudisha, wakanipa hongera.

Namshukuru sana mzee yule. Angenipitisha mara ya kwanza ningekuwa na cheti na kichwa kitupu, na watoto wa watu nawafundisha mimi. Namshukuru mama mdogo na makadirio yake, Mungu asimrekebishe.

Nikampigia mama. "Mama, nimefaulu."

 

"Mungu ni mkubwa," akasema. "Maana watu mimi nilishawaambia umefaulu, tangu ile mara ya kwanza."

"Mama!"

"Ningefanyaje? Unanipigia unalia, na majirani wamekaa hapa wanasubiri jibu. Nikawaambia amefaulu, analia kwa furaha. Nikawakataza wasikupongeze, nikasema mwanangu hapendi kelele. Padri mwenyewe amechoka, kila nikienda kuungama ni hilohilo."

Muda wote ule mama alikuwa amelibeba jibu langu, kanisani, kisimani, kwenye mpunga katikati ya watu, asinidokeze hata neno. Nilikaa chini kwenye varanda ya ofisi nikalia kwa sauti, wanafunzi wananiangalia, shauri yao. 

"Lia tu, mwanangu," akasema mama. "Safari hii ni kweli."