Sabuni ya Shikamoo

Filemon alilelewa na povu la kiwanda. Mama yake, Elisifa, alikuwa mkata miche ya sabuni pale Moshi mjini tangu kiwanda kikiwa cha serikali, na jioni alirudi nyumbani kwao, mtaa wa Soweto, na kipande kibovu kikapuni, kimepasukapasuka, lakini kinaosha vizuri tu. Usiku mashine ya kukamulia sabuni hulala na baridi ya mlima, na asubuhi, mpaka ipate moto, hutema sabuni ngumu isiyouzika. Wanawake wa laini waliikinga kwenye debe wakagawana. Waliiita shikamoo, wakidai kwamba mashine ina adabu kuliko mabosi, maana yenyewe huwaamkia kwanza. Hakuna aliyeihesabu kuwa mali ya kiwanda, hata mlinzi wa getini, ambaye naye alikuwa na fungu lake.

Kiwanda kilipobinafsishwa, Elisifa alikuwa amekwisha kufariki, na Filemon alikuwa karani wa gharama mlemle ndani, mtu wa shati la pasi na kalamu mfukoni. Wenye kiwanda wapya wakaleta programu ya kompyuta ya kuendesha kila kitu, toka stoo hadi mauzo. Wakampeleka Dar es Salaam kujifunza. Alirudi anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo, ingawa mshahara ulibaki uleule.

Ile programu ilikuwa na akili yake. Kwa kuwa kiwanda kilitoa kitu kilekile kutwa, mche baada ya mche, haikujisumbua kuuliza nini kimechukuliwa stoo. Iliuliza tu katoni ngapi zimekamilika, kisha yenyewe ikakata mafuta na magadi kwenye hesabu ya stoo kwa kufuata kipimo cha katoni moja. Mwisho wa mwezi stoo ilipimwa kwa mizani. Kilichopungua kuliko kompyuta ilivyosema kiliitwa hasara, na hasara ilibebwa na msimamizi wa laini.

Kipimo chenyewe alikitafuta Filemon. Alisimama karibu na mashine wiki nzima, akipima kila kitu tangu sabuni inapoanza kutoka nyororo. Shikamoo hakuipima. Si kwamba aliisahau. Haikumjia kabisa kwamba ni kitu cha kupimwa, kama mpishi wa mtori asivyohesabu maganda ya ndizi aliyomtupia ng'ombe.

Hasara ikajitokeza mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili ikarudi vilevile, kama mgeni aliyezoea nyumba. Meneja mpya, Bwana Jacob, ambaye alifika kazini jua likiwa limeshapanda na hajawahi kuiona mashine ikiamka, akamwita msimamizi wa laini ofisini. Huyo alikuwa Yuditha, mama wa Kibosho, aliyekata sabuni bega kwa bega na Elisifa miaka mingi. Filemon naye akaitwa, aje na karatasi zake.

Yuditha hakuficha kitu. Alisema hakuna kinachotoka pale ila shikamoo, na shikamoo kila mtu anaijua. Bwana Jacob akamgeukia Filemon, akamuuliza kama hiyo sabuni ya asubuhi imo kwenye kipimo.

Hapo ndipo Filemon alipoliona debe, kana kwamba limewekwa mezani mbele yake. Akaliona na kosa lake lote. Watu walikuwa wanapunguzwa kila siku, na karani aliyekosea kipimo ndiye angekuwa wa kwanza kuoneshwa geti. 

“Imo,” akasema.

Yuditha alimtazama, halafu akainamisha kichwa. Hakubisha. Alidhani mtoto wa Elisifa anajua anachosema, na pengine kweli wanawake wake walikuwa wakimzunguka. Akaachishwa kazi kwa wizi, bila kifuta jasho. Kule Kibosho, jumuiya yake ya kanisa, aliyoitunzia sanduku la michango tangu ujana wake, ikaliomba lile sanduku kwa upole kabisa. Upole huo ndio uliomvunja.

Filemon alijua yote hayo, maana Moshi ni ndogo. Nafsi ikamsuta hata ugali ukawa haupiti. Akatafuta dawa ya mtu mwoga: akafungua kompyuta, akarekebisha kipimo kimyakimya, akaingiza shikamoo ndani. Alijiambia kwamba angalau hakuna mwingine atakayeonewa. Alilala vizuri kidogo, masikini, akidhani ametenda jema.

Mwezi ule hasara ikayeyuka. Stoo na kompyuta vikasema kitu kimoja. Bwana Jacob aliitisha mkutano uani, akasimama mbele ya wafanyakazi wote na uso wa ushindi.

“Mnaona wenyewe,” alisema. “Yule mama ameondoka, na hasara imeondoka naye. Kompyuta haina ndugu.”

Watu wakaguna. Hata waliokuwa wakimtetea Yuditha wakatazama chini. Filemon alisimama nyuma yao, na akatamani ardhi ipasuke immeze. Kwa vidole vyake mwenyewe alikuwa ameutengeneza ushahidi uliokosekana. Toka siku hiyo wanawake hawakuligusa tena debe la asubuhi. Lilikaa mlangoni mpaka mtu wa usafi alipolimwaga jalalani. Na jioni moja mkewe, Elinipendo, akisonga ugali, akasema kwamba kumbe yule mama wa Kibosho alikuwa mwizi kweli.  Filemon alitoka nje akakaa peke yake.

Jumapili, badala ya kwenda ibadani, alipita kihamba cha baba yake, shamba la migomba la ukoo, akachuma jani la sale mpakani. Wachagga wote wanajua: anayekuletea sale amekuja kuomba msamaha, na sale halikataliwi, hata kama moyo wako unachemka. Akapanda nalo Kibosho kwa miguu, amelishika mbele kama mshumaa.

Alimkuta Yuditha anakatakata majani ya ng'ombe. Akamwamkia, akalitoa jani, akamweleza kila kitu bila kupunguza: kipimo, lile neno moja la ofisini, na marekebisho aliyoyafanya gizani. Yuditha aliendelea kukatakata mpaka alipomaliza fungu zima. Kisha akafuta mikono kwenye kanga, akalipokea.

“Nimekusamehe,” alisema, bila kumtazama. “Ulijua siwezi kulikataa, ndiyo maana umelileta. Lakini mimi sikuitwa mwizi hapa shambani, mtoto wa Elisifa. Niliitwa mwizi kule.”

Akaingia ndani. Hakumkaribisha kahawa, na mtu akinyimwa kahawa Kibosho anajua kwamba bado hajapokelewa.

Filemon alishuka akiwa amesamehewa, na mzigo ukiwa mzito kuliko alipopanda nao.

Jumatatu aliwahi kiwandani pamoja na wanawake wa laini. Aliiangalia mashine ikikohoa na kutema shikamoo yake, debe likajaa, na kama kawaida hakuna aliyesogea. Akaliacha likae mlangoni mpaka gari la Bwana Jacob lilipoingia. Kisha akalibeba, shati lake la pasi likichafuka, akapanda nalo ngazi na kulitua juu ya meza ya meneja, juu ya makaratasi yake.

“Hii ndiyo hasara ya mama Yuditha,” akasema. “Haikuwamo kwenye kipimo. Nilisema imo, nikijua haimo. Mwezi uliopita niliiingiza mimi, ndiyo maana hasara imekwisha.”

Bwana Jacob alilitazama debe, akamtazama na yeye, akamwambia kwa sauti ya chini afunge mlango wazungumze taratibu. Filemon alisikia kwamba kule chini mashine imezimwa, na wanawake wa laini wangeweza kumsikia. Akauacha mlango wazi, akayarudia maneno yake tangu mwanzo, kwa sauti.